Kuchagua Matairi ya Gari la Chama kwa Fedha Kidogo

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, hata kama mwanachama wa kijijini halipandi ila mara moja kwa mwaka. Ndilo linalomfikisha mkaguzi kwenye maghala, ndilo linalobeba mbegu na dawa za mimea, na wakati wa masika mara nyingi ndilo linalomwahisha mgonjwa hospitalini. Hata hivyo, fungu la matairi huwa dogo, na ununuzi hufanywa kwa haraka baada ya tairi kupasuka njiani. Makala haya yanakusudia kuwaeleza Makatibu na wajumbe wa Bodi jinsi ya kuchagua matairi ya gari la magurudumu manne, kama vile Land Cruiser au Land Rover, bila kupoteza fedha wala kuhatarisha maisha.

Je, tairi limekwisha?

Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilika hadi kuwa sawa na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Kwa gari linalopita kwenye matope na mvua si busara kungoja hadi hapo. Kina kikipungua chini ya milimita 3, tairi huanza kushindwa kutoa maji chini yake, na breki hazishiki vema.

Itazamwe pia namna tairi lilivyolika. Likilika katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likilika mabega yote mawili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayakunyooshwa sawasawa. Likiwa na mabaka mabaka, huenda vizuia-mtikisiko vya gari vimechoka. Kasoro hiyo irekebishwe kwanza, kwani matairi mapya yatakufa kwa ugonjwa ule ule.

Maandishi ya ubavuni

Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ni ya uzito: tairi hilo laweza kubeba kilo 1,120. Herufi S ni ya mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa.

Wanunuzi wengi hutazama namba tatu za kwanza na kuisahau ile ya uzito. Hapo ndipo hatari ilipo. Tairi lenye namba 100 hubeba kilo 800 tu. Kwa macho laweza kufanana na lile la kwanza, na bei yake ikawa ya kuvutia, lakini gari likipakia magunia na abiria juu ya barabara ya mawe, litapata moto na kupasuka. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi pia kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Namba ya uzito isiwe ndogo kuliko hiyo.

Aina ya kashata

Matairi yenye alama H/T ni ya lami: hayana kelele na hayaongezi sana matumizi ya mafuta. Yenye alama M/T ni ya matope mazito: kashata zake ni kubwa na zimeachana, lakini kwenye lami hulika upesi. Kati yake yapo ya alama A/T, yanayofaa lami na changarawe. Kwa chama ambacho gari lake hutoka mjini kwa lami na kumalizia safari kwa changarawe, aina hii ya kati ndiyo inayofaa zaidi. Kununua matairi ya matope kwa ajili ya wiki chache za masika ni kuwatoza wanachama gharama ya mwaka mzima.

Umri wa tairi

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na matairi mengi yanayouzwa nchini hutoka ng'ambo. Tairi laweza kukaa muda mrefu ghalani kabla ya kufika dukani. Kwa hiyo zitafutwe herufi DOT ubavuni, na mwisho wa mfuatano wake zisomwe tarakimu nne. Tarakimu 2322 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka hata usipotumika. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisitumike kabisa likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa.

Kwa sababu hiyo matairi ya mtumba yanataka tahadhari kubwa. Kashata zake zaweza kuwa nene na ndani nyuzi zimekatika. Yale yaliyochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto yakataliwe kabisa, kwa maana fundi amepunguza mpira unaozilinda nyuzi.

Hesabu ya bei

Urahisi wa tairi haupimwi dukani, bali hupimwa kwa kilomita. Tufanye hesabu ya mfano tu. Matairi manne ya aina ya kwanza yanauzwa shilingi 1,200,000 na kudumu kilomita 25,000. Ya aina ya pili ni shilingi 1,680,000 na hudumu kilomita 50,000. Ya kwanza yamegharimu shilingi 48 kwa kila kilomita, na ya pili shilingi 33.60. Gari likimaliza kilomita 50,000, chama kilichonunua "rahisi" kimetumia shilingi 720,000 zaidi. Katibu mwenye daftari la safari lililoandikwa vizuri ataweza kuionyesha Bodi hesabu kama hiyo kwa matairi ya chama chake mwenyewe.

Fedha zisipotosha manne

Ni bora kubadilisha yote manne kwa pamoja. Ikishindikana, yanunuliwe mawili ya kipimo na aina moja, yafungwe kwenye ekseli moja. Watengenezaji hushauri mapya yawekwe nyuma, ili gari lisiteleze mkia kwenye maji. Lakini kama gari husukumwa kwa magurudumu yote manne wakati wote, kitabu chake kisomwe kwanza, kwa kuwa tofauti kubwa ya kimo kati ya matairi huisumbua gia ya kugawa nguvu, na kuitengeneza ni ghali kuliko matairi.

Wajibu wa Katibu

Bei zichukuliwe katika maduka yasiyopungua matatu, na risiti halali idaiwe. Namba za DOT za matairi yote matano, pamoja na la akiba, ziandikwe katika daftari la mali. Kwa njia hiyo, tairi jipya haliwezi kubadilishwa gereji na kuwekwa kuukuu bila mkaguzi kutambua. Upepo upimwe kila wiki asubuhi, tairi likiwa baridi, na matairi yazungushwe nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bodi itakayotenga akiba ndogo ya matairi kila msimu wa mauzo haitalazimika kununua kwa pupa kando ya barabara. Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika Mkutano Mkuu: matairi ya gari letu yana umri gani, na yamekwenda kilomita ngapi? Katibu aliyejiandaa atalijibu swali hilo kwa kufungua daftari tu.