Pasipoti ya Msomaji

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anayeishi Tunduma yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, yaliko makao makuu ya chuo chake. Huenda maktaba ya chuo imekwisha kulipia jarida analolihitaji. Hata hivyo, alifunguapo katika intaneti akiwa nyumbani, mchapishaji humdai fedha kama mpita njia.

Sababu yake ni kwamba kwa miaka mingi wachapishaji wamewatambua wasomaji kwa anwani ya mtandao, yaani namba zinazoonyesha kuwa kompyuta imo ndani ya chuo. Utaratibu huo humfaa akaaye bwenini, lakini haumfai mwalimu wa Vwawa ajisomeaye usiku baada ya kusahihisha madaftari. Baadhi ya maktaba ziligawa neno moja la siri kwa chuo kizima. Siri ya watu elfu si siri tena, na mmoja akiitumia vibaya, mchapishaji huwafungia wote.

Dawa ya tatizo hili wakazi wa Tunduma huiona kila siku mpakani. Afisa uhamiaji wa Zambia hamjui msafiri, wala hadai cheti chake cha kuzaliwa. Huitazama pasipoti, akaiamini kwa kuwa anaiamini serikali iliyoitoa. Uamuzi wa kumruhusu aingie au asiingie hubaki wa Zambia.

Shirikisho la utambulisho hufanya kazi kwa msingi huohuo. Msomaji akifika kwenye ukurasa wa mchapishaji huulizwa: wewe ni wa chuo gani? Akijibu, hupelekwa kwenye kompyuta ya chuo chake, na ni huko tu anakoandika neno lake la siri. Chuo kikiridhika, humrudisha kwa mchapishaji pamoja na hati fupi yenye sahihi ya kidijitali. Mchapishaji huihakiki sahihi hiyo kwa ufunguo wa chuo uliomo katika orodha inayotunzwa na shirikisho. Neno la siri halimfikii kamwe. Msomaji akihamia kwa mchapishaji mwingine saa hiyohiyo, haulizwi neno la siri tena, kwa kuwa chuo bado kinamkumbuka.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba hati hiyo haina haja ya kutaja jina. Yatosha iseme kuwa huyu ni mwanafunzi wa chuo fulani, pamoja na namba ya fumbo iliyo tofauti kwa kila mchapishaji, ili wawili wasiweze kulinganisha aliyoyasoma. Hapo pasipoti ya karatasi imeshindwa!

Programu mashuhuri ya kazi hii, iliyoanza kubuniwa Marekani mwaka 2000, iliitwa Shibboleth. Jina hilo limetoka katika Kitabu cha Waamuzi, ambamo watu wa Gileadi waliwatambua adui zao kwenye vivuko vya Yordani kwa namna walivyotamka neno hilo. Aliyeshindwa kulitamka aliuawa. Jaribio kama hilo lisingefaa kitu Tunduma, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na lugha yao ni moja.

Kenya ina shirikisho lake chini ya KENET, liitwalo RAFIKI, na Uganda inalo chini ya RENU. Tangu mwaka 2011, eduGAIN imekuwa ikiyaunganisha mashirikisho ya nchi mbalimbali, hata chuo cha nchi moja kikaaminiwa na mchapishaji aliye bara jingine bila wawili hao kuandikiana barua.

Walimu wasidhani kuwa pasipoti hii ni nauli: jarida ambalo maktaba haikulipia litabaki limefungwa. Tena mzigo wote sasa umehamia chuoni. Mhitimu ambaye jina lake halijafutwa huendelea kuingia kama mwanafunzi, na neno la siri lililoibwa hufungua milango yote kwa pamoja. Umeme nao ukikatika chuoni, bila mtambo wa akiba, msomaji wa Tunduma mwenye taa inayowaka hataweza kufungua hata ukurasa mmoja.