Seli Ndogo: Mnara wa Simu Ndani ya Nyumba

Si jambo geni siku hizi kumwona mtu akitoka ndani ya jengo kwa haraka, simu ikiwa sikioni, huku akisema, "Subiri kidogo, hapa sikusikii vizuri." Akifika uani au chini ya mwembe, sauti huwa safi na mazungumzo huendelea. Ikiwa mazungumzo yenyewe ni ya salamu tu, usumbufu huo ni mdogo. Lakini na ichukuliwe hali ya muuguzi wa zamu katika wodi ya wazazi, ambaye usiku wa manane anahitaji kumwita daktari, naye hawezi kumpata mpaka amwache mgonjwa na kutoka nje. Hapo hatua ishirini zilizopo kati ya kitanda na mwembe si jambo dogo tena.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kuongeza nguvu za mnara wa simu. Fikra hiyo ni ya kawaida, lakini haigusi kiini cha tatizo. Makala haya yanaeleza kwa nini kuta huzuia mawimbi ya simu, na kwa nini chombo kinacholingana na kitabu kwa ukubwa, ambacho nguvu za mawimbi yake ni ndogo kuliko za balbu ya tochi, chaweza kufanya kazi iliyoushinda mnara mrefu wa chuma.

Mawimbi na Kuta

Simu ya mkononi ni redio ya njia mbili. Hupokea mawimbi kutoka mnarani, nayo hupeleka mawimbi yake huko. Mawimbi hayo ni ya sumakuumeme, kama ulivyo mwanga, na husafiri kwa mwendo uleule wa takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Tofauti iko katika urefu wa wimbi. Mwendo huo ukigawanywa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, urefu wa wimbi hupatikana. Kwa masafa ya megahezi 900, yaani mitetemo milioni 900 kwa sekunde, wimbi lina urefu wa sentimeta 33 hivi. Kwa megahezi 1,800 ni sentimeta 17. Na kwa megahezi 3,500 ni chini ya sentimeta 9.

Mawimbi yanapofika ukutani, mambo matatu hutokea. Sehemu moja huakisiwa na kurudi, sehemu nyingine hufyonzwa na kugeuka joto, na sehemu iliyobaki hupenya. Kiasi cha kila sehemu hutegemea kitu kilichojengewa ukuta huo. Mbao kavu na kioo cha kawaida hupunguza mawimbi kidogo. Tofali na zege hupunguza zaidi, hasa zikiwa na unyevu. Bati ni kizuizi kikubwa kupita vyote hivyo. Kwa kuwa bati ni metali, lina elektroni zilizo huru. Mawimbi yanapoligusa, elektroni hizo husukumwa huku na huko na kuyaakisi karibu yote. Ndiyo sababu nyumba ya kuta za zege iliyoezekwa bati hupata mawimbi yake mengi kupitia madirishani na milangoni.

Majengo mapya ya mijini yana kizuizi kingine kisichoonekana kwa urahisi. Vioo vyake vingi hupakwa utando mwembamba mno wa metali ili kuzuia joto la jua. Mwanga hupita, lakini mawimbi ya simu huakisiwa kama yanavyoakisiwa na bati.

Wahandisi hupima upungufu huu kwa kipimo kiitwacho desibeli. Upungufu wa desibeli 10 maana yake ni kwamba imebaki sehemu moja tu katika kumi ya nguvu za awali; wa desibeli 20, sehemu moja katika mia; wa desibeli 30, sehemu moja katika elfu. Kwa mujibu wa kanuni za kukadiria zilizotolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), jengo la kawaida la mtindo wa zamani hupunguza mawimbi ya megahezi 1,000 kwa wastani wa desibeli 13 hivi, na jengo la kisasa lililojengwa kwa vifaa vya kuzuia joto huyapunguza kwa desibeli 28 hivi. Katika jengo la kwanza hubaki sehemu moja katika 20. Katika la pili hubaki sehemu moja katika 630. Hivyo basi, jengo linalomkinga mtu vizuri zaidi na joto mara nyingi ndilo linalomtenga zaidi na mnara wa simu.

Kwa Nini Kuongeza Nguvu Hakutoshi

Mazungumzo yana pande mbili. Mnara waweza kutumia wati 20 au zaidi katika mkondo mmoja wa mawimbi, kwani unalishwa na umeme wa kutosha. Simu inayotumia mtandao wa kizazi cha nne (4G) kwa kawaida haivuki wati 0.2, nayo hulishwa na betri ndogo. Hata mnara ukiongezewa nguvu mara kumi, simu haitaongezeka nguvu kamwe. Mtu aliye ndani ya jengo atasikia, lakini yeye mwenyewe hatasikika.

Sababu ya pili inatokana na muundo wenyewe wa mitandao ya simu. Mwaka 1947 mhandisi D. H. Ring wa maabara za Bell, nchini Marekani, aliandika waraka ulioeleza jinsi nchi inavyoweza kugawanywa katika maeneo madogo yenye pembe sita, kama sega la nyuki, kila eneo likiwa na kituo chake cha redio. Eneo la namna hiyo huitwa seli. Faida yake ni kwamba masafa yanayotumika katika seli moja huweza kutumika tena katika seli nyingine iliyo mbali kidogo, kwa sharti kwamba kila kituo kisisikike mbali kupita kiasi. Kwa hiyo mnara ulioongezewa nguvu bila mpango huwaharibia majirani mazungumzo yao. Njia iliyo bora ni ile ya kinyume: kupunguza ukubwa wa seli na kuongeza idadi yake.

Kibatari Chumbani

Mtu anayetaka kusoma usiku hawashi moto mkubwa mlimani ili mwanga wake upenye dirishani. Huwasha kibatari na kukiweka mezani. Seli ndogo ni kibatari cha namna hiyo.

Hesabu nyepesi yaonyesha jambo hili. Ichukuliwe kwamba mnara wenye wati 20 uko kilometa 2 kutoka kwa mtu, na seli ndogo yenye wati 0.1 iko meta 10 kutoka kwake. Nguvu za seli ndogo ni mara 200 chini ya zile za mnara. Lakini umbali wake nao ni mara 200 chini, na nguvu za mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Mraba wa 200 ni 40,000. Gawanya 40,000 kwa 200, na jibu ni 200. Kwa hiyo simu hupata kutoka seli ndogo nguvu mara 200 zaidi ya zile za mnara, hata kabla ya kuhesabu ukuta. Ukuta wa desibeli 13 ukiongezwa, tofauti hufikia mara 4,000. Haya ni makadirio tu: antena ya mnara hukusanya mawimbi yake upande mmoja na hivyo hupunguza tofauti hiyo, ilhali miti, vilima na majengo yaliyo njiani huiongeza.

Upande wa pili wa mazungumzo hufaidika vilevile. Simu hurekebisha nguvu zake yenyewe kulingana na mahitaji. Kituo kikiwa karibu, simu hunong'ona badala ya kupiga kelele, na betri yake hudumu zaidi. Jambo hili lafaa kuzingatiwa na wale wanaoogopa kuwekewa antena ndani ya nyumba. Kwa mtumiaji wa simu, mawimbi mengi yanayoufikia mwili hutoka katika simu iliyo sikioni mwake, na seli ndogo huzifanya nguvu za simu hiyo zipungue.

Jinsi Seli Ndogo Inavyofanya Kazi

Ndani ya chombo hiki mna antena, redio ya kupokea na kupeleka mawimbi, na kompyuta ndogo. Chombo huunganishwa kwa waya na huduma ya intaneti iliyomo jengoni. Sauti ya mzungumzaji hutoka simuni kwa mawimbi, huingia katika chombo, hufungwa kwa maandishi ya siri ili isidukuliwe njiani, kisha husafiri kwa waya hadi kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Simu yenyewe huiona seli ndogo kuwa ni mnara kama minara mingine. Vyombo vilivyopangwa vizuri humwezesha mtu kutoka nje akiwa anazungumza, na mazungumzo yake yakahamishiwa kwenye mnara bila kukatika.

Ingawa ni ndogo, seli hii hufungwa na kanuni kali. Kwa vyombo vya nyumbani, viwango vya kimataifa huweka kikomo cha wati 0.1, na huruhusu masafa yayumbe kwa sehemu moja tu katika milioni nne. Vyombo vingi hupokea pia mawimbi ya setilaiti ili vijue viko mahali gani, kwani masafa hutolewa kwa kibali cha nchi au eneo maalumu.

Seli za nyumbani zilipewa jina la femto, neno la kisayansi lenye maana ya sehemu moja katika milioni ya bilioni. Jina hilo ni la mfano tu. Lilichaguliwa kuonyesha kwamba seli hizi ni ndogo kuliko zile zilizokwisha kuitwa maikro na piko. Nchini Marekani, kampuni ya Sprint ilianza kuziuza kote nchini mwaka 2008, na nchini Uingereza kampuni ya Vodafone ilifuata mwaka 2009. Kampuni ya AT&T ya Marekani nayo ilianza kueneza chombo chake mwaka 2010, lakini kilikuwa cha kizazi cha tatu (3G). Mtandao wa kizazi hicho ulipozimwa na kampuni hiyo mwezi Februari 2022, vyombo hivyo havikuwa na kazi tena. Mnunuzi hana budi kujua kwamba seli ndogo huzeeka pamoja na kizazi cha mtandao wake.

Mipaka na Tahadhari

Seli ndogo haiumbi mawasiliano pasipokuwa na kitu. Huhitaji umeme, na huhitaji njia ya kuifikia mitambo ya kampuni ya simu, iwe ni nyuzi za kioo, waya wa shaba au setilaiti. Mahali pasipo na njia hiyo, kibatari hakina mafuta.

Yafaa pia isichanganywe na kikuza-mawimbi, chombo ambacho hupokea mawimbi hafifu ya mnara kwa antena iliyo juu ya paa, huyaongeza nguvu, na kuyatoa tena ndani. Kikuza-mawimbi hakihitaji intaneti, lakini kikifungwa vibaya antena ya ndani husikiwa na ile ya nje, na chombo huanza kujikuza chenyewe bila kikomo. Ni jambo lilelile linalotokea mkutanoni kipaza sauti kinaposogezwa karibu na spika na kupiga mluzi. Tofauti ni kwamba mluzi huu hausikiki kwa masikio; huuziba mnara, na wanaoumia ni watu wa mtaa mzima. Kwa sababu hiyo vyombo hivi havipaswi kufungwa kiholela. Nchini Tanzania matumizi ya masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Njia ya tatu ni kupiga simu kupitia Wi-Fi. Simu nyingi za sasa zina uwezo huo, na gharama yake ni ndogo mahali ambapo Wi-Fi ipo. Lakini ni lazima simu na kampuni zote mbili ziukubali mpango huo, na simu za kawaida za vitufe kwa kawaida hazina uwezo huo. Seli ndogo huhudumia simu yoyote inayolingana na mtandao wake.

Jaribio la Shuleni

Wanafunzi waweza kuyachunguza mambo haya bila maabara. Simu nyingi huonyesha, katika sehemu ya mipangilio, nguvu za mawimbi kwa desibeli zinazolinganishwa na miliwati moja; namba huwa hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi. Wanafunzi wapime nje ya darasa, dirishani, katikati ya darasa, na ndani ya ghala. Simu iwe katika mtandao wa kizazi kilekile wakati wote, na kila mahali vichukuliwe vipimo vitano na kutafutiwa wastani. Ikiwa nje ni -80 na ndani ni -105, upungufu ni desibeli 25, yaani nguvu zimepungua mara 300 hivi.

Kisha simu ifungwe kikamilifu kwa karatasi ya alumini na ipigwe. Baadaye iwekwe ndani ya sufuria yenye mfuniko na ipigwe tena. Wanafunzi waulizwe kwa nini mara nyingi simu iliyo ndani ya sufuria huita, na iliyo ndani ya karatasi haiiti. Jibu limo katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya sufuria na mfuniko wake, na katika urefu wa wimbi uliokwisha kuelezwa.

Matokeo yakichorwa juu ya ramani ya shule, darasa litapata picha ambayo mafundi na wasanifu wa majengo wangefaa kuwa nayo kabla ya msingi kuchimbwa. Kupitisha bomba la nyaya katika ukuta unaojengwa ni kazi ndogo. Kuutoboa ukuta uliokwisha kukamilika ni kazi kubwa na ya gharama. Anayechora wodi ya hospitali huonyesha mahali pa taa na mahali pa bomba la maji. Hana budi sasa kuonyesha pia mahali pa seli ndogo, ili muuguzi wa zamu aweze kumwita daktari akiwa bado ameushika mkono wa mgonjwa.