Mguu mnene, ngozi ngumu? Si kila mara ni matende

Ukikutana na mtu Ujiji, Kibirizi au Mwanga mwenye mguu mnene wa ngozi ngumu, jibu la haraka huwa ni matende. Wengine watakwambia amekanyaga uchawi. Lakini upo ugonjwa unaoanzia shingoni na kufika mpaka kwenye miundi.

Unaitwa Graves, kwa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili huigeukia tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, na kuichochea itoe homoni kupita kiasi. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula vizuri, macho yanatokeza.

Kwa wachache, chini ya 5 kati ya wagonjwa 100, tatizo hufika kwenye ngozi. Mabaka magumu hutokea mbele ya muundi, yakiwa na vitundu kama ganda la chungwa. Ukiachwa, mguu huweza kuvimba kama wa matende kweli.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na dawa zake hazitibu Graves. Chumvi ya madini joto nayo huzuia goita ya upungufu wa madini hayo tu.

Tiba yake ikoje?

1. Kipimo cha damu cha homoni za thairoidi kwanza.

2. Vidonge kama kabimazoli hutuliza tezi. Ukipata homa au koo likauma, acha dawa na uwahi hospitali siku hiyohiyo, maana inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Mjamzito amwambie daktari mapema.

3. Vidonge peke yake huenda visiondoe mabaka. Daktari huandika steroidi kali ya kupaka, inayofunikwa kwa nailoni. Mguu uliovimba sana hufungwa bandeji ya kubana.

4. Acha sigara, inazidisha ugonjwa.

Usikubali kuchanjwa wembe. Kidonda hapo huweza kuongeza uvimbe.

Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa ya Maweni. Kesi ngumu huweza kupelekwa Bugando, Mwanza. Ukifika, usionyeshe mguu tu: mwambie daktari na habari za moyo, macho na shingo. Hapo ndipo ugonjwa unapojulikana.