Kiha Kiandikwe Kiha

Katika visanduku vyote ambavyo mkutubi hujaza aingizapo kitu katika orodha ya maktaba ya kompyuta, kile cha lugha ndicho kionekanacho chepesi kuliko vyote. Huandikwa herufi tatu, kazi ikaisha. Kwetu sisi wa nyanda za juu za Kigoma herufi hizo tatu ni jambo zito, na leo tungependa kueleza kwa nini.

Tuseme mzee mmoja wa Kibondo ameketi mbele ya kinasa sauti, akasimulia kwa Kiha habari za enzi za Mwami, za ng'ombe na za chumvi ya Uvinza. Kijana aliyemrekodi akaandika kichwa na maelezo kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi yetu sote tunaposhika kalamu. Kanda ifikapo maktaba, mkutubi husoma kichwa hicho naye akaandika swa, yaani Kiswahili. Hakukusudia kumdanganya mtu. Lakini tangu siku hiyo atafutaye Kiha hataipata kanda ile, na atafutaye Kiswahili ataifungua asielewe lisemwalo. Lugha ipasayo kuandikwa pale ni ile aliyoitumia mzee, wala si ile ya kifuniko.

Kosa hilo lina ndugu yake. Mwaka 2004 Lotta Harjula, mtaalamu wa Finland, alichapisha mjini Köln, Ujerumani, kitabu cha sarufi, masimulizi na msamiati wa Kiha. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Kiha ndiyo mada yake. Hata hivyo, kwa kuwa ndani yake mna masimulizi ya Kiha, lugha hiyo nayo yastahili kutajwa. Mfumo wa MARC, utumikao katika maktaba nyingi za ulimwengu, una sehemu ya 041 kwa ajili ya kutaja lugha zaidi ya moja.

Haifai kuwabebesha wakutubi lawama yote. Orodha ya misimbo ya lugha iliyotolewa mwaka 1998, ISO 639-2, ilikipa Kirundi run, Kinyarwanda kin na Kiswahili swa. Kiha hakikupewa chochote. Lugha ya watu wanaokadiriwa kufika milioni moja ilitiwa katika kapu liitwalo bnt, la lugha za Kibantu zisizo na msimbo wao, pamoja na Kihangaza na Kivinza cha majirani zetu. Ni kama kupeleka barua posta yenye anwani "Afrika". Ndipo mwaka 2007 ikatolewa ISO 639-3, na Kiha kikapata haq. Msimbo ni huohuo, mtu akiiita lugha hiyo Kiha, Giha au Igiha.

Wapo wasemao kwamba Kiha na Kirundi hukaribiana mno, hivyo run yatosha. Ukaribu huo hatuukatai. Mtu wa Kasulu na wa ng'ambo ya mpaka husikilizana vizuri. Lakini tuyatazame yaliyopita katika wilaya zetu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Nduta, wilayani Kibondo, nayo iliwapokea Warundi. Sauti zilizorekodiwa huku zaweza kuwa za Kirundi, za Kiswahili cha Kongo, ambacho kina msimbo wake wa swc, au za Kiha cha wenyeji. Zikichanganywa zote chini ya run na swa, mwanahistoria wa kesho atajuaje ni nani aliyekuwa mgeni na ni nani aliyempokea? Naye mjukuu wa yule mzee wa Kibondo ataambiwa na kompyuta kwamba babu yake alikuwa Mrundi.

Tunawaomba basi walimu, wanafunzi na wote wanaorekodi wazee wataje kwa sauti, mwanzoni mwa kanda, lugha itakayosemwa na kijiji walipo. Mkutubi asiye na hakika asibahatishe. Upo msimbo und, wa lugha isiyobainishwa, nao huacha nafasi kwa mwenyeji atakayesikiliza baadaye kurekebisha.