Je, Wajua? Spika Tano, Sabufa Moja na Masikio Yako Mawili

Haya, vuta kiti. Leo tuko sebuleni tunapanga spika za kutazamia filamu, zile za mbele, za pembeni na sabufa yake. Shika rimoti, usiiwashe bado!

Je, wajua kwamba spika ya wati 100 haikupi wati 100 za sauti? Spika nyingi za nyumbani hugeuza kama wati 1 tu kati ya hizo 100 kuwa sauti. Zile 99 zinaishia kuwa joto!

Je, wajua kwamba ukiacha ampli ya wati 50 ukanunua ya wati 100, unaongeza desibeli 3 tu? Sikio litasema, “Mh, imepanda kidogo.” Ukitaka likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, tafuta wati 500!

Lakini ngoja kwanza, usifungue pochi. Sogeza sabufa hadi iguse ukuta, na besi inaweza kupanda hadi desibeli 6, sawa na kuzidisha nguvu ya ampli mara 4. Umepewa bure, na ukuta wako mwenyewe!

Je, wajua kwamba wimbi moja la besi ya hezi 20 lina urefu wa mita 17? Pima sebule yako, uone kama linaingia hata nusu. Kisha sikia hili: wimbi la sauti nyembamba ya hezi 20,000 lina sentimita 1.7 tu, halifiki upana wa kidole gumba.

Na je, wajua kwamba besi iliyo chini ya hezi 80 ni vigumu kujua inatoka wapi? Masikio yanapata shida kuonyesha upande. Ndiyo maana spika nyingine zina mahali pake maalumu, ila sabufa unaweza kuificha nyuma ya kochi na mgeni asijue.

Unaiona ile 5.1 iliyoandikwa kwenye boksi? Tano ni spika za kawaida, na hiyo “nukta moja” ndiyo sabufa. Chaneli yake inaishia hezi 120, wakati wenzake watano wanapanda hadi 20,000, ndiyo maana haikupewa hadhi ya namba nzima!

Je, wajua kwamba masikio yako ni saa kali kuliko ile ya mkononi? Sauti ikifika sikio la kulia kabla ya la kushoto kwa sehemu 10 tu za milioni ya sekunde, ubongo unaweza kuitambua tofauti hiyo. Kwa kipimo hicho ndipo unapojua gari la kwenye filamu limepita upande gani.

Sasa jaribu hili. Weka spika mbili zitoe sauti ileile, kisha sogea hadi moja iwe karibu nawe kwa sentimita 34 zaidi ya nyingine. Utaapa kwamba ile ya mbali imezimika, kumbe bado inalia! Ubongo humwamini aliyefika kwanza, na Mjerumani Helmut Haas aliipima tabia hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940.

Je, wajua kwamba sauti hutumia karibu milisekunde 3 kusafiri mita 1? Ampli inapokuuliza kila spika iko umbali gani, haina umbea. Inataka kuichelewesha ile ya karibu ili zote zikufikie pamoja.

Na joto je? Kwenye nyuzi 20 sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde, na kwenye nyuzi 30 inafika mita 349. Kwa hiyo mchana wa jua kali Dar es Salaam, milio ya filamu inawahi kukufikia kuliko asubuhi ya baridi kule Lushoto!

Je, wajua kwamba kochi lako na spika mbili za mbele zinatakiwa zifanye pembetatu yenye pande sawa? Spika zikiachana mita 3, nawe kaa mita 3 kutoka kila moja. Zikisawazishwa vizuri, utamsikia mwimbaji katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote!

Wengi huzibandika spika za pembeni kwenye kona za nyuma kabisa, sivyo? Mahali pake hasa ni digrii 100 hadi 120 kutoka mbele yako, yaani ubavuni, nyuma kidogo ya bega. Zipandishe sentimita 60 juu ya masikio ya aliyeketi, uone mvua ya kwenye filamu inavyokuzunguka.

Je, wajua kuna spika za pembeni zilizoundwa makusudi zisikutazame? Zina nyuso mbili: moja inapiga mbele ya chumba, nyingine nyuma, na wewe unakaa pale katikati ambapo sauti zao zinafutana. Sauti inakujia kwa kugonga kuta, na huoni inakotoka!

Mwaka 1968 kampuni ya Bose ilitoa spika iitwayo 901 iliyokuwa na vipaza sauti 9 ndani ya boksi moja. Unadhani vingapi vilimtazama msikilizaji? Kimoja tu! Vile 8 vilitazama ukuta.

Je, wajua kwamba macho yako ni waongo? Spika ya katikati iko chini ya TV, lakini wewe unasikia maneno yakitoka mdomoni mwa mwigizaji. Macho yanaivuta sauti hadi pale yanapoona midomo ikicheza!

Kwenye kumbi za sinema, spika hiyo huwa nyuma ya pazia lenyewe la kuonyeshea. Pazia limetobolewa vitundu vidogo vidogo visivyohesabika. Umewahi kuviona? Basi!

Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein, akiwa na umri wa miaka 28 tu, aliomba hataza ya sauti ya stereo. Inasimuliwa kwamba kilichomkera ni sinema: mwigizaji anatembea kulia, sauti yake imeganda kushoto!

Je, wajua kwamba mwaka 1940 filamu ya katuni ndiyo iliyowazungushia watazamaji sauti ukumbini? Ilikuwa Fantasia ya Walt Disney, huko New York. Na vifaa 8 vya kupimia mitambo yake ya sauti viliuzwa na vijana wawili walioanzia kazi kwenye gereji, Hewlett na Packard!

Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilikuja na sabufa kubwa za kuutetemesha ukumbi. Katika sinema moja maarufu ya Hollywood, walitandaza wavu chini ya dari kudaka plasta isiwaangukie watazamaji. Hiyo ndiyo besi, ndugu yangu!

Je, wajua kuna spika zinazolala chali zikapiga sauti darini, nayo ikakurudia kama helikopta iliyo juu ya paa? Zinahitaji dari bapa na ngumu. Ni za mfumo wa sauti uitwao Dolby Atmos, ulioanza kwenye sinema mwaka 2012, na leo nyumba moja inaruhusiwa hadi spika 34!

Unajuaje kwamba helikopta iko juu? Kwa mikunjo ya sikio la nje! Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi waliwavisha watu vipande vya kubadilisha umbo la masikio, wakapoteza juu na chini. Wiki chache baadaye ubongo ulikwishajifunza masikio mapya, na vipande vilipotolewa, ujuzi wa zamani ulikuwa bado upo!

Je, wajua kwamba dirisha lililo wazi ndilo linalomeza sauti kuliko zulia lolote? Sauti ikitoka hairudi. Mmarekani Wallace Sabine alilifanya kuwa kipimo chake cha umezaji wa sauti zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na ukitaka kujua pazia nene la kumeza sauti likae wapi, keti kwenye kochi, mtoto atembeze kioo ukutani. Utakapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga. Tundika pazia hapo hapo!

Je, besi imepotea ghafla baada ya kuhamisha spika? Tazama waya kabla ya kumwita fundi. Ukipishanisha mwekundu na mweusi kwenye spika moja ya mbele, hiyo inavuta hewa wakati mwenzake inasukuma, na besi zinauana njiani.

Mwisho, hili usicheke. Njia ya kuaminika ya kuipatia sabufa mahali pake ni kuipandisha juu ya kochi, kuiwasha, kisha wewe mwenyewe kutambaa sakafuni kwa magoti ukisikiliza. Pale besi inapojaa vizuri bila kuvuma, ishushie papo hapo. Jirani akichungulia, mwambie naye ashuke atambae!