Mlima wa Chuo Kikuu: Safari za Watu, Ardhi ya Wazi na Maji ya Mvua

Wakazi wa Msewe, Ubungo, Changanyikeni na Survey huuona mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kila waamkapo. Wapo wanaofanya kazi huko, wapo wanaowauzia wanafunzi chakula au kuwapangisha vyumba, na wapo wanaoukatiza tu kwa miguu asubuhi na jioni, au wanaokwenda kufanya mazoezi chini ya miti yake. Ni wachache, hata hivyo, wanaouhesabu mlima huo kuwa sehemu ya huduma zao wenyewe. Makala haya yanaeleza kwa nini namna watu wanavyosafiri kwenda Mlimani, na kiasi cha ardhi kinachobaki wazi huko, ni mambo yanayofika hadi kwenye nyua za nyumba zilizo bondeni.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Eneo hilo, lililo takribani kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, wakati ule lilikuwa pembezoni kabisa, na ardhi iliyotengwa ni takribani ekari 1,600. Tangu hapo mji umekuja ukakizunguka chuo pande zote. Ndiyo maana leo mlima huo ni miongoni mwa mapande makubwa ya ardhi yenye miti yaliyosalia ndani ya jiji, na ndiyo maana pia unatamaniwa na kila mwenye haja ya kujenga.

Kwanza ni maji. Mlima huo ni mgongo unaogawa mvua. Sehemu moja ya maji yake huelekea Mto Mlalakuwa, unaomwaga katika Bahari ya Hindi. Sehemu nyingine huteremkia vijito vinavyolisha Mto Msimbazi. Palipo na miti na nyasi, majani hupunguza nguvu ya matone, na udongo uliolegezwa na mizizi hunywa sehemu kubwa ya mvua kabla haijaanza kutiririka. Palipo na lami, zege au udongo ulioshindiliwa na magurudumu, karibu maji yote huondoka mara moja, tena kwa kasi, yakibeba mchanga na taka.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Gari dogo moja, pamoja na nafasi ya kuingilia na kugeuzia, huhitaji takribani mita 25 za mraba za maegesho. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, huacha juu ya nafasi hiyo lita 1,250, yaani ndoo zaidi ya 60 za lita 20. Nafasi 100 za maegesho ni lita 125,000. Kama nafasi hizo hazikujengewa mfereji unaostahili, au shimo la kupokea maji hayo na kuyaacha yazame taratibu, mpokeaji wake ni mwenye nyumba ya chini.

Kwa sababu hiyo suala la usafiri na suala la ardhi ya wazi haviwezi kutenganishwa. Watu 30 wakipanda basi dogo moja, hawaachi nyuma yao gari linalohitaji kulala juani kutwa nzima. Watu hao hao wakija kila mmoja na gari lake, huhitaji takribani mita 750 za mraba za ardhi, na ardhi hiyo haitoki mbinguni. Hutoka kwenye nyasi na chini ya miti.

Pengine hatua kubwa zaidi ya usafiri iliyowahi kuchukuliwa Mlimani katika miaka ya karibuni haikuwa barabara hata kidogo, bali vitanda. Mabweni yaliyofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya ghorofa, yaliwekewa nafasi kwa wanafunzi 3,840. Mwanafunzi anayelala ndani ya chuo huenda darasani kwa miguu, na ile safari ya daladala kutoka mbali kila asubuhi na kila jioni hufutika. Tena kujenga kwenda juu huacha ardhi zaidi wazi kuliko kutandaza vyumba vya chini.

Kwa wale wanaotoka mbali, mabasi ya mwendokasi yalianza kutoa huduma katika Barabara ya Morogoro Mei 2016, na Ubungo ni mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Awamu ya nne ya mradi huo imepangwa kupita Barabara ya Bagamoyo na Sam Nujoma, yaani mguuni kabisa pa mlima. Hilo ni jambo jema, lakini basi kubwa halimfikishi mtu mlangoni. Kipande kinachobaki, kutoka barabara kuu hadi darasani au ofisini, ndicho kinachoamua kama mtu ataacha gari nyumbani. Kipande hicho kikikosa kivuli, kikikosa taa, kikikosa pa kupita isipokuwa kando ya magari, atakayeweza kununua gari atanunua, na asiyeweza atapanda bodaboda.

Hapa lazima isemwe wazi kwamba njia ya waenda kwa miguu si njia ya mkato ya pikipiki, wala si mahali pa kupanga bidhaa. Njia za miguu na za baiskeli zilijengwa kandokando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mwendokasi. Anayezipita sasa ajua ni mara ngapi hulazimika kushuka barabarani. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzee mwenye fimbo hawana pengine pa kupita.

Kuhusu miti, wakazi wengi wanapoombwa kupanda huchagua miashoki kwa sababu imenyooka na haichafui ua. Kwa uzio inafaa, lakini kivuli chake ni chembamba mno kumfaa mtembea kwa miguu. Kando ya njia panafaa mwarobaini au mwembe, wenye matawi yanayotanda. Mikaratusi isipandwe karibu na vijito na visima, kwa kuwa hunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katazo hilo linamhusu mwenye kibanda sawasawa na mwenye ghorofa.

Tumbili wa Mlimani nao watajwe, maana malalamiko juu yao hayaishi. Hao hupita matawini na chini pia; miti yao ikikatwa, huweza kuingia majumbani. Anayewatupia ndizi au anayeacha taka za chakula wazi huwafundisha kurudi.

Wakazi huuliza mara nyingi ni nani anayehusika. Barabara kuu za Morogoro na Sam Nujoma zipo chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, pamoja na mitaro yake, ni za TARURA. Barabara za ndani ya chuo husimamiwa na chuo chenyewe. Njia na nauli za daladala ni za LATRA. Asiye na uhakika aanzie ofisi ya serikali ya mtaa wake, ambako mwenyekiti na mtendaji hupokea taarifa na kuzifikisha panapostahili. Taarifa iwe na jina la mtaa, jina la barabara na alama iliyo karibu, kama vile shule, msikiti au duka. Kusema tu kwamba mtaro umeziba huku kwetu humfanya fundi azunguke nusu siku. Wakati mzuri wa kuipeleka ni Februari, kabla masika haijaanza.