Halaqa ya Hisabati: mwanafunzi wa uhandisi asiachwe kusoma peke yake

Kila mwaka, vyuo vinapofunguliwa baada ya likizo ndefu, wapo vijana waliopaswa kuingia mwaka wa pili wa uhandisi ambao hawaonekani tena darasani. Wenzao huambiana kwa sauti ya chini kwamba fulani "amedisko", neno la vyuoni lenye maana kuwa wastani wake umeshuka chini ya kiwango na chuo kimemwondoa masomoni. Nyumbani ndiko habari inakochelewa kufika. Baba huendelea kutuma fedha ya chumba na chakula, mama huendelea kumwombea kila baada ya swala, naye kijana hujibu kwenye simu kwamba masomo yanakwenda vizuri, alhamdulillah. Siku ukweli unapojulikana, mkopo umekwisha kusimama, na shamba lililouzwa kwa ajili ya ada lina mwenyewe mwingine.

Husemwa kwamba kijana wa namna hiyo hakuwa na kichwa cha uhandisi, au kwamba mji umemlevya. Wapo ambao mji umewalevya kweli. Lakini wengi wao waliingia chuoni na alama nzuri za Fizikia, Kemia na Hisabati. Ndio waliokuwa wakitajwa na walimu wao wa sekondari kuwa mfano. Akili iliyomfikisha mtu mlangoni haipotei kwa miezi minne. Kinachopotea, mara nyingi, ni watu wa kusoma nao. Shuleni alikuwa bweni moja na wenzake, akiulizwa na kuuliza. Chuoni amepanga chumba mtaa wa mbali, darasa lina watu mamia, na aibu ya kuonekana hajui imemfungia ndani na vitabu vyake.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini nchini Marekani, katika miaka ya 1970, na Uri Treisman, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alisumbuliwa na kuona wanafunzi Wamarekani Weusi wakianguka kwa wingi katika kalkulasi, somo ambalo asiyelipita haendi popote katika uhandisi wala sayansi. Akawauliza walimu wenzake sababu. Wakamtajia zile zile tunazozitaja sisi: hawana ari, hawakuandaliwa vyema, familia zao haziwahimizi, kipato ni duni. Treisman akachukua wanafunzi 20 Weusi na wengine 20 wenye asili ya Kichina, akafuatana nao hadi wanakoishi ili aone wanasomaje hasa.

Sababu zote nne zilianguka. Wanafunzi Weusi hawakuwa wavivu, na familia zao ziliithamini elimu. Wengi walikuwa vinara wa shule walizotoka. Tofauti ilikuwa moja. Wao walihudhuria mihadhara, wakasoma kwa saa zile zile walizoelekezwa na mwalimu, saa zipatazo nane kwa wiki, na wakasoma peke yao. Wenye asili ya Kichina walisoma saa zipatazo kumi na nne. Sehemu kubwa ya saa hizo kila mmoja alikuwa peke yake, lakini jioni walikutana, wakakagua kazi za wenzao, wakajua nani amekwama wapi, na tatizo lililowashinda wote wakajua kwamba ni gumu kweli. Mwanafunzi anayesoma peke yake hana njia ya kulijua hilo. Anapokwama hudhani yeye tu ndiye mjinga.

Treisman alianzisha vikao vya kusoma pamoja, na hapa ndipo penye busara kubwa ya kazi yake. Hakuviita vikao vya walioshindwa. Aliwaalika wanafunzi kama watu wenye uwezo, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, wakayahangaikia kwa makundi. Waliohudhuria wakafaulu vizuri kuliko wenzao wasiohudhuria. Kijana ambaye angeona haya kwenda mahali panapoitwa "msaada kwa dhaifu" hakuona haya kwenda mahali panapoitwa pa mabingwa.

Karibu na wakati huohuo, mwaka 1973, Deanna Martin wa Chuo Kikuu cha Missouri katika mji wa Kansas City alianzisha utaratibu unaofanana na huo, ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Yeye aliacha kuwatafuta wanafunzi wagumu, akayatafuta masomo magumu. Kwa kila somo lenye kuangusha wengi aliteuliwa mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu, akahudhuria tena mihadhara yake pamoja na wapya, kisha akaketi nao mara kadhaa kwa wiki kuyapitia yaliyosemwa.

Ndugu msomaji aliyesoma historia ya madrasa zetu atatabasamu, kwani mtu huyu anamfahamu. Katika madrasa kubwa za ulimwengu wa Kiislamu, mfano Nidhamiya ya Baghdad iliyofunguliwa mwaka 1067, palikuwa na mudarris anayetoa darsa, na chini yake palikuwa na muidi. Neno hilo maana yake ni mwenye kurudia. Mudarris akimaliza, muidi aliketi na wanafunzi akawarudishia somo, akawafafanulia lililowatatiza. Alikuwa amewatangulia hatua chache tu, na hilo ndilo lililomfaa kwa kazi ile, kwa kuwa bado alikumbuka mahali alipojikwaa mwenyewe. Hata katika vyuo vyetu vya Qur'ani vya pwani, aliyefika Tabaraka ndiye aliyemsikiliza aliye kwenye alifu kwa ujiti. Sisi si wageni wa jambo hili. Tumeliacha tu kwenye mlango wa chuo kikuu, kana kwamba kalkulasi haina haki ya kuwekewa halaqa.

Ni vyema kueleza kazi ya mwelekezi wa namna hiyo inavyokuwa, maana wengi hudhani ni kusomesha upya. Tuchukue somo la mekaniki la mwaka wa kwanza. Boriti ya mita 6 imeegemezwa kwenye ncha zake mbili, na mzigo wa kilonyutoni 12 umewekwa mita 2 kutoka ncha ya kushoto. Kila egemeo linabeba kiasi gani? Mwanafunzi mpya huandika 6 na 6, akagawa sawa kama sadaka. Mwelekezi asiyejua kazi yake atamnyang'anya kalamu na kuandika jibu. Mwelekezi hodari atamuuliza: wewe na mwenzako mmebeba gunia lililoning'inizwa kwenye mti, kila mmoja ameshika ncha yake mabegani, gunia likisogezwa upande wako, nani atahema? Kijana atacheka, atasema ni mimi. Basi rudi kwenye boriti yako. Hapo ataanza mwenyewe kupiga hesabu ya nguvu mara umbali, na atapata 8 kushoto na 4 kulia. Jibu lile hatalisahau, kwa kuwa amelihisi begani kabla ya kuliona kwenye karatasi.

Mfano huo una jambo jingine ndani yake. Swali liliulizwa kwa Kiswahili. Kijana wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akavukishwa kwenda Kiingereza kidato cha kwanza, na chuoni anapewa mhadhara na kitabu kwa lugha ambayo wengi huijua ya kujibia mtihani kuliko ya kufikiria. Mhadhiri hana wakati wa kurudi nyuma. Halaqa inao. Wanafunzi hulizungumza tatizo kwa lugha yao hadi lieleweke, kisha huliandika kwa lugha ya mtihani. Nadhani faida hii peke yake inatosha kuhalalisha mkeka na ubao.

Lakini kusaidiana kuna mpaka wake. Aya ya pili ya Suratul-Maida, inayoamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, ndiyo hiyohiyo inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Siku hizi kuna makundi ya simu ambayo kazi yake ni kupitisha ripoti za maabara zilizokwisha kuandikwa na majibu ya mazoezi, na wahusika huliita hilo undugu. Ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) aliikemea ghushi kwa ukali tunaoufahamu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Si kusudi letu kumnyooshea mtu kidole kwa msiba ule, bali kukumbusha kwamba kazi ya mhandisi huisha kwa watu kupita chini ya alichokisimamisha. Aliyenakili hesabu ya boriti mwaka wa kwanza ataikuta tena kazini, na siku hiyo hatakuwapo wa kumpa daftari. Kipimo cha halaqa njema ni chepesi: mtu akiondoka, aweze kulifanya swali lile akiwa ameketi peke yake.

Sasa tuwageukie mabinti, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia na hapa ndipo familia inapokosea kwa nia njema. Binti anayesoma mitambo, umeme au ujenzi hukuta wasichana wenzake ni wachache darasani. Makundi ya kusoma huundwa na wavulana, hukutana usiku, aghalabu vyumbani mwa wavulana. Binti mwenye kujihifadhi hawezi kwenda, na hapaswi kwenda. Wazazi humpongeza kwa kukaa chumbani kwake, nasi tunampongeza. Lakini tukiishia hapo tumemwachia mzigo wote peke yake, kisha anapopata mitihani ya marudio, zile "sapu" za mwezi Septemba, tunasema uhandisi si kazi ya mwanamke.

Dini haikumwamuru asome peke yake. Imemkataza faragha na asiye maharimu wake, na katika hilo hakuna mjadala. Njia za halali zipo, na mabinti wenyewe wakipewa nafasi huziona haraka kuliko sisi: kukutana mchana katika maktaba au vyumba vya madarasa vilivyo wazi, kuunda halaqa ya dada watupu hata kama ni wa idara mbalimbali, maana hisabati na mekaniki ya mwaka wa kwanza wengi wao husoma yaleyale, na kumpata dada wa mwaka wa tatu awe mwelekezi wao. Huyo wa mwisho ana thamani ya pekee. Binti anayemwona dada aliyevaa mtandio wake, amepita njia ileile na yuko karibu kumaliza, huacha kujiuliza kama mahali pale ni pake.

Na baba na mama je? Tunajua kuuliza swali moja: "Umepata ngapi?" Swali hilo humfundisha kijana kuficha. Jaribuni jingine: "Unasoma na nani?" Akitaja majina matatu na siku wanazokutana, mnaweza kulala. Akisema anasoma mwenyewe, kwamba hana shida, hapo ndipo pa kufuatilia kwa upole, na mapema. Katika vyuo vyetu vingi alama za mwisho hukusanywa tangu majaribio na kazi za darasani. Kijana aliyeanguka majaribio mawili ya mwanzo bado anaweza kuokolewa, lakini anayegundulika baada ya mtihani wa mwisho amebakiwa na sapu na dua. Tena ajue tangu siku ya kwanza kwamba anaweza kusema "nimefeli" nyumbani kwake na bado akaandaliwa sahani.

Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni zina mpangilio tayari: zina amiri, zina kamati, na nyingi zina msikiti au chumba cha kuswalia. Huandaa darsa za dini, na Mwenyezi Mungu azibariki. Kati ya Magharibi na Isha upo muda wa zaidi kidogo ya saa moja ambao watu wamekwisha kukusanyika, wana udhu, na simu zimezimwa. Siku mbili za wiki wapewe watu wa hisabati na mekaniki, siku moja wapewe wa umeme, na ukumbi wa kina mama upewe waelekezi wake wenyewe. Asiye Mwislamu akitaka kuketi nao uani, akaribishwe. Mwelekezi asiachwe kufanya kazi hii kwa thawabu tupu huku akishinda na njaa. Chakula cha jioni na nauli si gharama ya kuishinda jumuiya yenye wahitimu waliokwisha kuajiriwa.

Halaqa hizi zianze wiki ya pili ya masomo, kabla jaribio la kwanza halijafanyika na kabla kijana hajapata cha kuonea haya. Matangazo yasiseme ni kwa waliokwama. Yaseme siku, saa na somo, na swali moja gumu liandikwe chini yake ili watu waje na majibu yao. Kwa muhula wa kwanza vinahitajika ubao, pakiti mbili za chaki, mikeka, na ndugu mmoja wa mwaka wa tatu aliyepata alama nzuri katika kalkulasi na ambaye hachoki kuulizwa.